Mtandao Uliopewa Jina la Mume Wangu

Kijiji cha Ak-Teke,
Naryn.
Tarehe 28 Septemba

Kwa Ndugu Kubanych,
Mkuu wa Ofisi ya Mtandao, Wilayani.

YAH: KUONDOLEWA KWA JINA LA MUME WANGU KWENYE SIMU ZA WATU

Ndugu Mkuu, mwanangu,

Natumaini u mzima, mkeo mzima, watoto wazima na mifugo mizima. Mimi Burulkan, mjane wa miaka sabini na tatu, ni mzima isipokuwa goti la kushoto, na goti silo lililonifanya nikuandikie. Sikusoma. Mimi nasema, na mkamwana wangu Zuura, mke wa mwanangu Maksat, anaandika. Herufi zikipinda ni zake. Maneno yakikuchoma ni yangu.

Mwezi wa Juni mlimtuma fundi wenu Ryspek aje kutufungia mtandao wa hewani. Kazi yake sina neno nayo. Alipofika nilimwambia, "Kwanza kula." Akasema, "Mama, nina haraka." Nikamwambia, "Paa halina miguu, litakungoja. Kaa." Akala, akashushia bakuli tatu za maziwa ya farasi, ndipo akapanda juu, maana nyumba yangu imekaa juu kuliko zote hapa kijijini. Akafunga antena ikitazama mnara wa kule mgongoni mwa mlima. Akashuka, akapigilia ukutani kisanduku cheupe chenye taa tatu, akafungua kompyuta yake mapajani. Leo nyumba arobaini zinapata mtandao kutoka paa langu. Barua ingeishia hapa na ingekuwa ya shukrani. Lakini Ryspek aliinua kichwa akauliza, "Tuupe jina gani?"

Mimi nilikuwa jikoni nakaanga maandazi. Maksat hakuniuliza. Akataja jina la baba yake, aliyetutoka Oktoba iliyopita. Na neno la siri la kuingilia akaweka majina mawili yaliyoshikana, la baba yake na la kwangu. Kisha akaja jikoni anatabasamu, "Mama, mko pamoja tena." Nililia mpaka maandazi yakaungua. Sikatai, nililia. Lakini mtu akilia hajatia sahihi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sisi wanawake wa hapa hatutaji majina ya waume zetu. Mkamwana naye hamtaji baba mkwe wala mama mkwe. Hakuna anayefungwa kwa kuwataja. Ni heshima tu, na ukishaishika miaka mingi huwezi kuiweka chini kama ndoo. Nimeishi na mtu yule miaka hamsini na mmoja. Nilimwita "Sikia." Nilimwita "Baba Maksat." Siku za hasira nilimwita "Huyo." Alipolazwa, karani wa hospitali akaniuliza jina la mgonjwa. Nikamjibu, "Mwulize mwenyewe, mdomo anao." Mgonjwa akacheka mpaka mashine ikapiga kelele na wauguzi wakaja mbio. Kwa hiyo hata humu jina lake silitaji, na Zuura haliandiki; la kwangu na la Maksat anayaandika kwa amri yangu tu, ila hayatamki. Nitasema Marehemu. Ukilitaka jina, njoo Ak-Teke ufungue simu yako, litakurukia machoni.

2. Mtandao huu umetutia aibu mbele ya wageni. Mgeni wa siku hizi hajavua viatu, kashauliza neno la siri. Zuura anatazama chini. Nusu ya neno ni baba mkwe wake, nusu ya pili ni mimi, na nusu zote mbili zimemkaa kooni. Nikiwepo nasaidia: nataja jina langu, hilo ni langu, nalitumia nitakavyo. Nusu ya kwanza siwezi. Maksat yuko malishoni na farasi tangu kiangazi. Sasa mtu anaingia kwa nusu ya mlango? Mwezi uliopita alikuja daktari wa mifugo, mtu wa mbali. Zuura, masikini, akamwonyesha kwa kidole picha ya Marehemu ukutani. Daktari akaitazama sana, akaandika "mzee mwenye kofia." Haikufunguka. Akanywa chai, akaaga kwa adabu, na alipofika kijiji cha pili akasema, "Nyumba ile siku hizi ina mkono wa birika. Hata hewa wanainyima!" Hewa, Ndugu Mkuu! Nyumba iliyomchinjia kondoo mpita njia aliyeuliza tu njia!

Na hapa ndipo penye moto. Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Oktoba tunafanya karamu ya mwaka ya Marehemu. Wanakuja watu mia mbili kutoka wilaya nne. Watu mia mbili watamwuliza Zuura. Mia mbili watatazamwa viatu. Marehemu alijenga jina la ukarimu maisha yake yote, na nyinyi mtalibomoa kwa siku moja, tena kwa kutumia jina hilohilo.

3. Sasa sikiliza maneno ninayoyasikia tangu alfajiri, nikiwa nakamua ng'ombe wangu kwa amani.

"Marehemu leo dhaifu sana."

"Kwetu Marehemu anakuja akiwa na kidevu tu, mwili wote hafiki."

"Nimemkamata Marehemu nyuma ya choo! Njooni huku, yuko mzima!"

Watoto wa shule wanapita mbio barabarani: "Marehemu kafa! Marehemu kafa tena!" Mara ya kwanza nilidondosha ndoo. Siku hizi nimezoea kufiwa, nafiwa mara tatu kwa wiki.

Jirani yangu Sabira, mjane kama mimi ila mwenye sauti ya tarumbeta, alisimama juu ya ukuta wetu akaniita mbele ya watu, "Burulkan wee! Marehemu haingii chumbani kwangu siku ya pili leo!" Nikamjibu, "Miaka hamsini na mmoja nilikuwa macho asiingie, leo ndiyo unaniletea mashtaka?" Kijiji kizima kilicheka. Na mimi nilicheka, lakini nilicheka kwa upande mmoja.

4. Simu ya Zuura ilikwama. Akampigia fundi Ryspek kwa simu ya shuleni. Ryspek akamwambia, "Dada, gusa jina la mtandao, halafu bonyeza pale palipoandikwa SAHAU, kisha uanze upya." Zuura akanijia na simu mkononi. "Mama, simu inauliza kama tumsahau." Nikamwambia, "Iambie ikome." Ryspek anasema hakuna njia nyingine. Tumekaa wawili tunakitazama kile kitufe kama nyoka. Leo ni siku ya tisa, Zuura hajaongea na mama yake mzazi, kwa sababu hakuna mkamwana mwenye malezi atakayebonyeza kitu kile. Nani kwenu aliyeandika neno hilo? Hana wazee?

5. Nilipomwita Ryspek aje anipe dawa, alikuja na dawa tatu, kila moja mbaya kuliko mwenzake.

Ya kwanza, "Mama, tunaweza kumficha. Atakuwepo ila jina halitaonekana." Marehemu hakujificha hata siku ile dubu alipoingia zizini. Haanzi leo.

Ya pili, "Basi tuwatengenezee wageni mtandao wao, wenye jina lao, wa polepole kidogo, wasiwasumbue nyinyi wenyewe." Ndugu Mkuu, huyu kijana alilelewa wapi? Kwetu mgeni hupewa kichwa cha kondoo na kukalishwa juu kabisa, mbali na mlango, na mwenye nyumba ndiye anayekwangua sufuria. Yeye anataka mgeni ale mabaki ya hewa!

Ya tatu ndiyo anayoitoa kwa kila ugonjwa. "Mama, mzime, hesabu mpaka thelathini, halafu umwashe." Laiti mngenifundisha Oktoba iliyopita. Ningehesabu mpaka elfu.

6. Kabla hajaondoka, Ryspek alinionyesha kwenye kompyuta orodha ya wote waliounganishwa na Marehemu saa ile. Themanini na sita. Nikamwambia anisomee. Sabira yumo. Mwalimu mkuu yumo. Binti wa duka yumo mara mbili. Yumo na mtu mmoja asiyejulikana, ambaye Ryspek anadhani ni televisheni. Nikauliza, "Na mimi?" Akaitazama simu yangu, hii ya vitufe, akasema kwa upole, "Mama, simu yako haina uwezo wa kumpata." Themanini na sita pamoja na televisheni, na mkewe hayumo. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu sitaki tuliongelee.

Kwa sababu hizo zote naomba, tena naomba kwa heshima, kabla ya tarehe kumi na mbili mlitoe jina la mume wangu hewani na mweke jingine ambalo kila mkamwana anaweza kulisema bila kutazama viatu. Neno la siri liondoeni kabisa. Nyumba haina kufuli, hewa yake itakuwaje na kufuli?

Kama hamna jina jingine, wekeni la mto. Wekeni la ng'ombe wangu, ana jina zuri na hana wakwe. Na kama hayo hayawafai, nashauri mweke jina lako wewe, Kubanych. Watoto watangaze kifo chako asubuhi. Nitamkamata Kubanych nyuma ya choo. Na siku mkeo atakapokuja kututembelea akamsikia Sabira akilalamika juu ya ukuta kwamba Kubanych haingii chumbani kwake, nadhani ofisi yako itafanya kazi haraka sana.

Msipojibu mpaka Jumatano, nitakuja mwenyewe. Sitakuja peke yangu. Nitakuja na akina mama kumi na wawili, kila mmoja na mto wake wa kukalia na kazi yake ya sufu. Tutakaa ofisini kwako mahali pa juu kabisa, mbali na mlango. Chai tutakuja nayo. Mimi nikikaa huwa sinyanyuki kwa sababu ya lile goti, kwa hiyo hata ukikubali ombi langu saa ileile, bado utakuwa nami mpaka jioni.

Msalimie mkeo, na umwambie simchukii. Wasalimie watoto wako, wazee wako walio hai, makarani wote wa ofisi, na dereva wenu anayekohoa. Anywe mafuta ya mkia wa kondoo kwa maziwa ya moto. Ryspek msalimie mara mbili, kwani ni mtoto mzuri ila mwembamba. Mpunguzieni kazi kidogo ale.

Ni mimi mama yako niliyechoka kufiwa,

Burulkan
(dole gumba langu hilo hapo, lenye unga)

NYONGEZA, tarehe 3 Oktoba.

Mwanangu, barua hii haikuondoka. Theluji ilianguka mapema usiku uleule, barabara ikafunga, umeme ukakatika. Siku nne kisanduku kilikuwa giza.

Siku ya kwanza nilifurahi. Nilikamua ng'ombe wangu na hakuna aliyemtaja mtu. Siku ya pili nikatoka ukutani nikamwuliza Sabira habari za chumbani kwake. Akasema, "Ah, hakuna habari." Akaingia ndani. Siku ya tatu nikagundua nimesimama uani nimetega sikio kama mbwa. Kijiji kizima, Ndugu Mkuu, na hakuna hata mtu mmoja aliyelisema jina lile. Nikajua kumbe ndivyo ingekuwa tangu Oktoba iliyopita. Mimi silisemi, wakamwana hawalisemi, Maksat yuko malishoni. Angelitamka nani?

Jana mchana nilikuwa namimina chai. Umeme ukarudi, mimi sikujua. Nikasikia watoto barabarani wanapiga kelele, wanaita jina lake kamili, "Karudi! Karudi!" Nilikuwa nimeshavaa viatu na kuweka bakuli la pili mezani kabla akili haijanifikia. Nikakaa chini nikacheka. Zuura akaja akidhani nimeanguka, naye akacheka, na chai yake akainywa kutoka bakuli lile, maana chai iliyomiminwa hairudi.

Basi yote niliyosema hapo juu ni kweli, na msifanye hata moja. Jina msiliguse. Neno la siri liacheni kama tulivyoshikana. Mkimtuma mtu kulibadilisha, nitamshusha paani kwa ufagio.

Wale wageni mia mbili usijali. Nitasimama mlangoni mimi mwenyewe na kila atakayeuliza nitamwambia neno zima, nusu zote mbili. Jana jioni niliingia zizini nikajaribu. Nilisema polepole, halafu kwa sauti. Ng'ombe hakugeuka. Si jina zito, mwanangu. Ni zuri mdomoni, na hilo sikulijua.

Sasa hivi nimelitamka ili liandikwe hapa, uone. Zuura ameweka kalamu chini na kufunika masikio. Sitamlazimisha. Njoo kwenye karamu na mkeo, utalisikia kwangu.