Mimba ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Programu yangu ya kusajili wagonjwa imeanza kazi hapa zahanati. Karani anaandika jina na shida ya mgonjwa, hifadhidata yenyewe inampa namba. Kisha programu inatafuta namba kubwa kuliko zote na kuichapa kwenye kadi. Ya mwisho si ndiyo yake? Fundi mwenzangu, Miwani, kasema niiombe hifadhidata inirudishie namba papo hapo, katika amri ileile ya kuingiza jina. Wivu tu. Sote wawili tunakitaka cheo cha mkuu wa kitengo.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwambia mke wangu amlete mama yake kesho. Goti linamsumbua. Pia aone binti yake aliolewa na mtu wa aina gani.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Makarani wa madirisha mawili walibonyeza kwa pamoja. Jina la mama mkwe likaingia kwanza, la msichana mmoja likafuatia, na programu ikawachapia wote namba ya msichana. Daktari akafungua namba hiyo, akasoma shida ya msichana, akampongeza mama mkwe kwa mimba ya miezi minne. Ni mjane, ana wajukuu saba. Alinitazama tu.
Kumbe hilo lilikuwa dogo. Dawa kali za goti ziliandikwa kwenye jalada la msichana. Alikuwa ameshapewa na kuzitia mkobani nesi alipoliona tumbo lake, akamnyang'anya. Akaniambia dawa zile si za mjamzito kabisa. Nikakaa chini.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu ananisemesha kupitia watoto. Miwani alivuta kiti, akairekebisha programu kwa mstari mmoja tu, uleule alioniambia Jumatatu. Nilimwuliza kama atanishtaki kwa mganga mkuu. Kasema, "Kunywa chai, ndugu yangu." Ningefurahi zaidi angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi
Nilimpigia mama mkwe kumwomba radhi. Kanisamehe, kisha akacheka mpaka akakohoa. Nusura nilie.
Mchana maabara wameniomba programu yao. Miwani kajitolea kunisaidia, nimemshukuru, nimekataa. Nimeshaelewa kosa lilikuwa wapi. Safari hii nitatafuta namba kubwa kuliko zote yenye jina la mgonjwa mwenyewe. Watu wawili wa jina moja watafika lini kwa wakati mmoja?