Mradi wa Kwanza wa Bustani ya Teknolojia

Wananchi wote wa Eldoret na viunga vyake wanafahamishwa kwamba Bustani ya Teknolojia ya Kesses imezinduliwa. Hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza chuo kikuu kilileta sera. Mara ya pili kaunti ikaleta utepe wa kukatwa. Safari hii wamekuja pamoja, ndiyo maana kuna lami ya kuegesha magari mia mbili. Jengo lenyewe liko kwenye sera, ukurasa wa arobaini.

Mimi ni mjumbe wa umma kwenye Kamati ya Pamoja ya chuo na kaunti. Sina cheti, lakini sisahau.

Hitilafu ilikuwa moja tu. Mama Nanzala, mkulima jirani, aliona lami, akaona jua, akaanika mahindi yake yote. Depo ya kununua nafaka ilikuwa imeyakataa kwa unyevu. Yakikosa jua la siku tatu, yanaota ukungu na mwaka wake umeisha.

"Mama, hii ni eneo la uvumbuzi," akasema Dkt. Kigen, mkurugenzi kutoka chuo.

"Si ndio navumbua, Daktari. Pitisha gari huko, usinikanyagie."

"Uko na kibali?"

"Niko na mahindi imelowa."

Kamati ikaketi kuandaa notisi ya kumwondoa. Kabla haijapigwa muhuri, wakaguzi wakafika kutoka Nairobi. Walitaka kuona mradi mmoja unaofanya kazi, la sivyo bustani ifungwe.

Dkt. Kigen akainyooshea lami kidole.

"Huu ni mfumo wa kukausha nafaka kwa nishati ya jua," akasema.

"Nani anauendesha?" akauliza mkaguzi mmoja.

"Mimi."

"Na mimi," akadakia Bwana Kipkoech, afisa wa teknolojia wa kaunti, chuo kisije kikabeba sifa peke yake.

"Na huyu mama?"

"Huyo ni mtumiaji."

"Vizuri," mkaguzi akasema. "Tutakaa siku tatu tuwaone mkiuendesha."

Kwa hiyo waliuendesha. Walipewa reki. Mtumiaji aliketi kwenye kiti cha mkurugenzi, kivulini, akitoa maoni kama sera inavyomtaka.

"Daktari, geuza hiyo ya chini. Na wewe wa kaunti vua viatu, unanivunjia punje."

Siku ya tatu depo iliyapokea mahindi yote. Mkaguzi akamwuliza mtumiaji kama ameridhika na wahudumu.

"Huyu wa chuo anajaribu," akasema Mama Nanzala. "Huyo wa kaunti mwongezeeni wiki. Majirani wangu bado wako na mahindi mbichi."

Kamati imepitisha pendekezo hilo. Mimi ndiye niliyeliunga mkono.