Masega ya Mama Gloriose

Mbuvi alikuwa na masikio ya biashara. Wengine wakisikia gari linalonguruma huziba masikio. Yeye hupiga hesabu. Ndiyo maana Jumanne ile, akiwa nje ya mkahawa mmoja wa supu Cabramatta, jijini Sydney, aliacha bakuli likiwa nusu mara tu pikapu kuukuu ilipoingia maegeshoni kwa kishindo kilichowahamisha njiwa wote wa mtaa.

Aliyeshuka ni Mama Gloriose, Mrundi anayewauzia Waafrika wa magharibi ya Sydney majani ya muhogo. Mbuvi alimjua kwa sura kutoka kanisani, ambako yeye mwenyewe alifika siku zenye chakula tu.

Akaangusha funguo makusudi, akainama kuziokota na kuchungulia chini ya gari. Akayaona masega. Msomaji asiyejua magari atuvumilie: masega ni lile kopo la kwenye ekzosi linalosafisha moshi, na ndani yake mna madini ambayo wanunuzi wa skrepa, yaani vyuma chakavu, huyaota mchana. Masega haya yalikuwa manene na mazito, makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona.

"Bwana asifiwe, Mama," alisema akijifuta magoti.

"Amina, ndugu."

"Hii gari yako ni mgonjwa. Mimi ni fundi wa ekzosi, fully qualified. Nairobi walikuwa wananiita Daktari."

Ukweli ni kwamba Mbuvi alikuwa akiwaogesha wazee katika nyumba ya wazee, kazi ya heshima aliyoifanya vizuri na kuidharau sana. Ufundi wake wote ulitokana na miezi minne katika gereji ya mjomba wake, Machakos, ambako kazi yake kubwa ilikuwa kushika tochi.

"Najua ni mgonjwa," alisema Mama Gloriose. "Alhamisi iko inspeksheni. Ikifeli, rego imekwisha, gari haina ruhusa ya barabara tena. Mboga nitapeleka sokoni na kichwa?"

"Hapana, Mama. Nitakufanyia modification ya system yote. Free. Si sisi ni ndugu? Kitu moja tu, hiyo kopo ya katikati imeoza, inatoa sumu. Nitaitoa, niitupe mwenyewe."

Mama Gloriose alitazama chini ya gari. "Hiyo kopo? Watu wawili wamekuja kuiangalia. Waliinama hivi, wakatoka wanatikisa vichwa."

Mbuvi hakuuliza walitikisa vichwa kwa nini. Tamaa haina muda wa maswali.

"Lakini bila kopo watanifelisha," aliendelea mama. "Unipe ingine, hata ya mtumba. Wewe si uko na gari kama yangu?"

Kweli alikuwa nayo, pikapu ya aina ileile, ila masega yake yalikuwa madogo kama andazi. Mbuvi akapima moyoni, andazi kwa mkate mzima.

"No worries, Mama," akasema.

Jumatano asubuhi alikuwa chini ya gari, uani kwa Mama Gloriose, Campbelltown. Alifungua ekzosi yote ya pikapu yake mwenyewe, bomba, sailensa na masega, akaifunga kwenye ya mama. Mama akaomba mdomo wa bomba ugeuzwe kando ili moshi usiguse mboga. Mbuvi akakata, akachomelea, akapuliza hata rangi. Mama Gloriose aliketi akitazama, na mara mbili tatu alimsahihisha kwa upole namna ya kushika mashine ya kuchomelea, jambo ambalo lingemshtua mtu mwenye nafasi ya kushtuka.

Mchana alilishwa ugali na sombe, yale majani ya muhogo yaliyopondwa, akabebeshwa lile kopo zito kwa mikono miwili, akaondoka. Pikapu ya mama sasa ililia taratibu kama cherehani. Ya Mbuvi, isiyo na ekzosi kabisa, iliamsha mbwa wa mitaa mitatu, naye akatabasamu njia nzima.

Jumamosi akampelekea mzigo Ludovick, Mtanzania mpole mwenye yadi ya skrepa. Ludovick akaugeuza, akaugonga, kisha akaukata kwa msumeno wa umeme. Zikamwagika kokoto.

"Pole, kaka," alisema. "Huu ni mtungi wa kuzimia moto. Umekatwa, bomba tupu likapitishwa katikati, pembeni zikashindiliwa kokoto. Masega yenyewe nadhani wezi waliyaiba zamani. Ila umechomelewa vizuri, lazima niseme. Kuna mama alikuja kuniomba mtungi mtupu, akasema anasoma kuchomelea chuo cha ufundi, Campbelltown."

Mbuvi alikaa chini juu ya injini ya mtu. Alikuwa ametoa masega ya kweli kununua kokoto, na iliuma.

Jumapili akatia jeki na spana garini, akaenda kanisani. Mpango ulikuwa mwepesi: watu wakiwa wanaimba ndani, yeye maegeshoni anafungua ekzosi yake kwenye pikapu ya mama. Alisahau jambo moja tu, kwamba sasa alikuwa anasikika kabla ya kuonekana. Hajazima injini vizuri, wahudumu wawili wakamshika mikono kwa upendo mwingi na kumwingiza ukumbini.

Mbele alisimama Mama Gloriose, anatoa ushuhuda.

"Ndiye huyu," alisema. "Gari yangu ilikuwa inafeli. Huyu kijana alitoa ekzosi ya gari yake, akaweka kwa yangu, na pesa hakuomba. Alhamisi nimepita inspeksheni. Mimi nimebaki na rego, yeye amebaki na kelele. Mmesikia hiyo kelele? Ni kelele ya sadaka."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Na tumtendee haki mama: hakusema neno hata moja la uongo.

"Ni kweli, ndugu?" akauliza Mchungaji Nduwimana. "Ulimpa bure?"

Mbuvi alifungua kinywa. Kusema hapana kulitaka maelezo, na maelezo yalikuwa na polisi ndani yake.

"Bure, Mchungaji," akasema.

"Basi wenye magari ya kukohoa wanyooshe mikono."

Ilinyooshwa mikono kumi na saba. Wa kwanza ulikuwa wa mchungaji.

Jumamosi iliyofuata Mbuvi alikuwa chali chini ya gari la mchungaji. Juu ya pua yake yalining'inia masega ya kweli, mazima kabisa, na karibu yake kikaonekana kiti cha plastiki na miguu ya Mama Gloriose, aliyeteuliwa na kanisa kusimamia huduma hiyo mpya.

"Hiyo ni nzima, ndugu," ilisema sauti ya mama, ikifuatiwa na mfyonzo wa chai. "Usiguse."

"Sijagusa, Mama," alijibu Mbuvi, na safari hii alikuwa anasema kweli, maana mkono ulikuwa bado umbali wa kidole kimoja.