Kifurushi cha Salamu za Mkuu

Umma unatangaziwa kwamba Kitengo cha Usakinishaji, yaani cha kuweka programu kwenye kompyuta, kimekamilisha mageuzi makubwa, na kwamba mimi, niliyekuwa Mkuu wake, nimepewa eneo jipya la kazi lenye hewa ya kutosha, kwenye korido ya ghorofa ya kwanza. Kwa kuwa maneno mengi yamesemwa ngazini, tena na watu wasio na mamlaka ya kusema, naona ni wajibu wangu kueleza mambo yalivyokwenda.

Idara yetu hujibu barua za wananchi. Kompyuta mpya arobaini zilipoletwa, kila moja ilikuwa na programu ya kuandikia, nyepesi, isiyo na makuu. Ili iweze kuandika barua ya serikali ilihitaji vifurushi kumi na vinne, yaani vijiprogramu vidogo vinavyochukuliwa kwenye ghala la mtandaoni na kupachikwa ndani yake: kimoja cha kusahihisha tahajia, kimoja cha nembo, kimoja cha namba za kumbukumbu, na kadhalika. Mtu wa kawaida angedhani hiyo ni kazi ya dakika chache. Mtu wa kawaida hajasoma Mwongozo wa Usakinishaji, niliouandika mwenyewe.

Kwa mujibu wa Mwongozo, kila kifurushi kina fomu yake kwa kila kompyuta, na kila fomu ina sahihi tatu. Ya kwanza ni yangu kama Mkuu wa Kitengo. Ya pili ni yangu kama Mwenyekiti wa Kamati inayomshauri Mkuu wa Kitengo. Ya tatu ni ya mtunza faili, mama mtu mzima tunayemwita Mama Muhuri kwa kuwa haendi hata msalani bila muhuri wake. Jumla ni fomu mia tano na sitini. Kwa kasi yetu ya fomu nne kwa siku tungemaliza kwa miezi saba, na nilikuwa nimeshamwahidi Katibu Mkuu kwamba tutafungua huduma Jumatatu. Sikuona mgongano wowote. Sikutaja Jumatatu ya lini.

Tulikuwa na fundi wa kompyuta, mwanamke asiye na maneno mengi, kwa mkataba wa miezi mitatu. Mkataba ulisema wazi kwamba Katibu Mkuu akija akakuta kompyuta haziandiki, hauongezwi. Fundi alikuwa ameacha kazi ya uhakika kuja kwetu, na ana mapacha wanaoanza shule. Aliniambia mwenyewe, nami nikamwonea huruma, ingawa huruma haina kifungu kwenye Mwongozo.

Alhamisi asubuhi aliingia ofisini kwangu.

“Mkuu, zimeisha.”

“Nini kimeisha?”

“Kompyuta. Zote arobaini zina vifurushi vyote.”

Nikatazama trei. Fomu zilizosainiwa zilikuwa sita.

“Nimeandika orodha ya majina kumi na manne kwenye faili la mipangilio,” akasema, “na chini yake mistari michache. Programu ikifunguka, inasoma orodha toka juu kwenda chini. Kifurushi kilichopo inakipita. Kisichokuwepo inakileta yenyewe.”

“Yenyewe? Bila kuagizwa na mtu?”

“Orodha ndiyo agizo, Mkuu.”

“Na hiyo orodha imesainiwa na nani?”

Akaitazama trei yangu. Mtazamo huo niliuingiza kwenye kumbukumbu.

Kamati, yaani mimi na Mama Muhuri, ilikaa mchana huohuo, fundi akiitwa kusikiliza. Mama Muhuri alisema, “Mwanangu, kitu kikishafanya kazi, kiache.” Niliagiza muhtasari uandike kwamba mjumbe mmoja alichangia. Kisha kwa moyo mweupe nikaamua orodha ikubaliwe, vifurushi vyote vifutwe, na usakinishaji uanze upya Jumatatu mbele ya Katibu Mkuu, ila kwanza tuweke itifaki. Maana orodha ile ilikuwa aibu. Tahajia ilikaa juu ya nembo ya serikali, na ofisi yangu haikutajwa popote. Nikatangaza kifurushi cha kumi na tano, Salamu za Mkuu: kila karani akifungua programu, akutane na picha yangu na maneno machache ya hekima. Kikae juu kabisa.

“Hicho kifurushi kiko wapi, Mkuu?” akauliza fundi.

“Kipo kwenye mchakato.”

“Yaani hakijatengenezwa.”

“Picha imeshapigwa.”

Akanionyesha mstari mmoja kwenye skrini. “Basi haitadhuru. Huu unasema jina likikosekana ghalani, liruke, endelea na linalofuata.”

“Liruke? Jina langu?” Nikanyanyuka kitini. “Binti yangu, mkubwa harukwi. Mkubwa husubiriwa. Futa huo mstari.”

“Nikiufuta, ikikosa la kwanza itasimama hapohapo. Hata vile vingine havitakuja.”

“Hiyo ndiyo adabu.”

Akaomba agizo kwa maandishi. Nilifurahi sana, kwa kuwa haijapata kutokea fundi akaniomba fomu. Nikaijaza, nikaisaini mara mbili. Mama Muhuri akagonga muhuri, akanitazama kama mtu anayemwona jamaa yake akipanda ngazi iliyooza.

Jumatatu makarani arobaini walikaa wima. Dirishani wananchi walikuwa wameshajipanga, wa kwanza bibi aliyekuwa akifuatilia barua ya kurekebisha jina lake tangu mwaka juzi. Katibu Mkuu alivumilia hotuba yangu mpaka ukurasa wa tisa, kisha akasema, “Washeni.”

Skrini arobaini zikaandika kwa pamoja: Salamu za Mkuu hazipatikani. Nimesimama.

“Hii ni nini?” akauliza Katibu Mkuu.

“Ni itifaki, Mheshimiwa.”

“Nani ameagiza?”

Mkataba wa fundi ulikuwa mezani mbele yake, kalamu juu yake. Nilikohoa. “Kuna fundi mmoja, Mheshimiwa, wa muda, ambaye...”

Fundi alisogea mezani. Aliiweka ile fomu juu ya mkataba.

“Sahihi ya kwanza ni yako,” akasema Katibu Mkuu. “Ya pili ya nani?”

“Ni yangu pia, kwa wadhifa mwingine.”

Akamgeukia fundi. “Kurekebisha ni muda gani?”

“Kutoa jina moja na kurudisha mstari mmoja. Dakika sita, nikipata ruhusa.”

“Umepata.”

Vifurushi vikaja vyenyewe, kimoja baada ya kingine, bila hata kusindikizwa. Bibi alipata barua yake kabla ya saa nne. Alilisoma jina lake mara mbili, akaibusu barua, akaondoka.

Katibu Mkuu aliendelea kuitazama skrini. “Na kisichohitajika, inakijuaje?”

“Kuna amri nyingine,” akasema fundi. “Inauliza kila kifurushi, nani anakutegemea? Kisichotegemewa, inashauri kiondolewe.”

Katibu Mkuu akaagiza orodha ya vitengo vya idara, akaisoma toka juu kwenda chini kalamu mkononi. Alipofika kwetu akauliza, “Kitengo cha Usakinishaji kinategemewa na nani?”

“Na Kamati, Mheshimiwa,” nikajibu upesi.

“Na Kamati inategemewa na nani?”

“Na Kitengo.”

Akavifuta vyote viwili kwa mstari mmoja. Kisha akamsainia fundi mkataba wa miaka mitatu hapohapo, kwa sahihi moja tu, jambo ambalo nimeliandikia malalamiko. Mama Muhuri alikuwa akiufuta wino muhuri wake. “Mchimba kisima huingia mwenyewe,” akauambia ule muhuri.

Eneo langu jipya lina meza, bado halina kiti. Nimeomba kwa fomu sahihi, lakini imerudishwa, kwa kuwa inataka sahihi ya Mkuu wa Kitengo na ya Mwenyekiti wa Kamati.

Siku hizi mahudhurio nayo yanasomwa na kompyuta, kwa orodha aliyoiandika fundi. Jana niliwahi, nikasimama mbele yake mlangoni nimechomekea vizuri. Ilifika kwenye jina langu, haikukuta kitengo changu, ikaendelea na jina linalofuata. Nilibaki pale nikisubiri isimame.