Simu Iliyokataliwa Sokoni

Sabuni alimtambua mteja kabla mteja mwenyewe hajajijua kuwa mteja. Yule mama alisimama mbele ya kioo, akaziangalia simu, akaondoka, akarudi, akaukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Mkoba mtupu haukumbatiwi hivyo. Sabuni akajisemea kwamba kweli Mungu si Athumani.

"Karibu mama yangu, karibu ndani! Kuangalia bure, hata kushika bure."

"Nataka simu, baba. Za kutosha kikundi kizima. Tunashona mapazia, tumechoka kukaa mlangoni kusubiri wapita njia. Tunataka kuuza huko Sokoni."

Soko hilo halikuwa na meza wala paa. Ilikuwa programu ya simu ambamo watu walinunua na kuuza kila kitu, na mfanyabiashara asiyekuwemo humo alihesabika marehemu. Lakini Soko lilikuwa na ukali wake. Ukimtapeli mtu, lilikufungia wewe pamoja na simu yako. Kila simu ina alama yake ya ndani: futa picha, futa majina, badilisha laini ukitaka, alama iko palepale. Soko likishaikariri, simu hiyo haiingii tena, na mtu yeyote atakayejaribu kuingia kwa kuitumia, akaunti yake inazikwa nayo kaburi moja.

Wengine waliuona huo ni msiba. Sabuni aliuona ni neema. Alinunua simu zilizofungiwa kwa bei ya kutupa kutoka kwa matapeli wenzake, akazifuta zikawa kama zimezaliwa jana, akazivisha zote makava meusi ya aina moja, kisha akawauzia watu wenye ndoto. Walioumia hawakuweza hata kumlalamikia Sokoni, kwa sababu walikuwa wameshafungiwa. Wakimrudia dukani wanalia, aliwahurumia mno. Aliwaeleza kwamba simu imeshika uchafu wa mtandao, inahitaji kuoshwa, na kuoshwa kuna gharama. Halafu aliingia nyuma ya pazia, akanywa chai bila haraka, akaitoa simu imepanguswa kwa pamba na spiriti. Jina la Sabuni alilipata hapo, na alilibeba kama cheo.

"Nasikia simu za mtumba zinakataliwa," mama akasema.

"Za wenzangu hizo!" Sabuni akaweka mkono kifuani. "Mama, mimi nina duka Sokoni miaka nenda rudi. Nyota walizonipa wateja ukizihesabu utachoka. Nitaingia na akaunti yangu mwenyewe, mbele ya macho yako. Nani ataichezea riziki yake namna hiyo?"

Swali zuri sana. Jibu ni kwamba, ukiacha ile ya mfukoni mwake, Sabuni alikuwa na simu moja safi, moja tu, ya maonyesho. Kila mara aliingia Sokoni nayo mbele ya mteja, akaonyesha nyota, akatoka, akaitia kwenye boksi, boksi likashuka chini ya kaunta kutafutiwa mfuko. Kilichopanda kutoka huko kilikuwa boksi jingine, lenye simu iliyofungiwa. Asingethubutu kamwe kuingia na nyingine, kwa maana duka lile la Sokoni ndilo lililomlisha. Barabarani pale hakuna aliyemfahamu isipokuwa mwenye nyumba anayemdai kodi.

Akaiweka simu ya maonyesho juu ya kioo.

"Ngoja kwanza, mwanangu," mama akasema. "Miguu inaniua. Huna hata kiti? Na maji ya kunywa, kama yapo."

Mteja wa kikundi kizima hasimamishwi. Sabuni akapita nyuma ya pazia, akaburuta kiti pekee chenye miguu yote, akajaza glasi maji huku moyoni ameshaitumia faida. Aliporudi, simu ilikuwa palepale juu ya kioo, nyeusi, imetulia. Mama alikuwa anajipepea kwa kiganja.

"Sasa shuhudia," Sabuni akasema. Akaandika namba yake, akaandika neno la siri, akainua uso mbele ya kamera kwa tabasamu la bwana harusi. Kiduara kikazunguka, kikaendelea kuzunguka.

"Inafikiria," mama akasema.

"Mtandao tu huo, mama."

Maandishi mekundu yakajitokeza. Sabuni akayasoma kimoyomoyo, kisha akayasoma tena: Kifaa hiki kimefungiwa. Akaunti iliyotumika humu nayo imefungiwa. Asante kwa kuwa nasi.

Akachomoa simu yake ya mfukoni, akafungua Soko. Duka halikuwepo. Nyota, sifa, ile picha yake amevaa tai ya kuazima, vyote vimekwenda. Akatafuta pa kukaa. Mama, kwa heshima zote, akampisha kwenye kiti.

"Hii si simu yangu," Sabuni akasema kwa sauti nyembamba.

"Ni yako kabisa. Ulimuuzia mdogo wangu. Nikaingia nayo Sokoni, duka langu la mapazia likafa papo hapo. Nililia, baba, usione hivi. Halafu mdogo wangu akanisimulia ulivyoingia mbele yake na ikakubali, nikajua lazima kuna moja nzima." Akaupapasa mkoba. "Ninayo. Na kava ni lilelile, umezivisha zote mwenyewe ili zisijulikane."

"Huo ni wizi, mama!"

"Twende polisi basi. Tangulia ukaeleze."

Sabuni hakutangulia. Mama akamalizia maji yake, akashukuru, akaenda zake.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sabuni akaliandikia Soko barua ya machozi kwamba simu ni ya mtumba, yeye hakujua, anategemewa. Likamjibu kwa maneno yaleyale mekundu. Akamwendea kaka yake amwazime jina na simu afungue duka upya. Kaka akacheka bila furaha: "Simu yenyewe si nilinunua kwako?" Shemeji naye alikuwa mteja. Shangazi aliyemlea alinunua mbili, kwa mapenzi. Wageni alikuwa akiwatapeli kwa biashara na ndugu kwa mazoea, na sasa ukoo mzima haukuwa na mtu mmoja anayeruhusiwa Sokoni.

Mwenye njaa hana miiko. Akaulizia mafundi wa mapazia mtaa kwa mtaa, akaenda kumpigia magoti yule mama, ambaye alikuwa ameshafungua duka jipya kwa jina la dada yake, na mapazia yanakwenda kwa fujo.

"Simu zako nitazitangaza," mama akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Tugawane nusu kwa nusu. Ila kila mnunuzi umwambie kwa kinywa chako kwamba imefungiwa. Nikisikia umedanganya mmoja tu, tumeachana."

Mnunuzi wa kwanza alikuwa kinyozi. Alikuja ameshajaa hamu, pesa mkononi. Sabuni akamwekea simu juu ya kioo.

"Kaka, simu hii imefungiwa. Sokoni haiingii hata uiombee dua. Kupiga inapiga, picha inachukua, muziki upo. Lakini Soko, sahau."

"Hakuna dawa?"

"Hakuna. Ile alama haifutiki."

Tangu afungue duka alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo ya kweli kwa mkupuo, na yalimuuma kooni kama mwiba wa samaki. Kinyozi akaigeuza simu mbele na nyuma, akamtazama Sabuni, akaitazama tena simu. Kisha akairudisha juu ya kioo, taratibu, akarudisha na pesa mfukoni.

"Mimi mtoto wa mjini, kaka," akasema. "Muuzaji haisemi vibaya mali yake namna hii kama hana mchezo. Nimeshaliwa, siliwi tena."

Akavuka barabara, akaingia duka la pili, ambako jamaa mmoja alikuwa ameanza kumwapia kwa roho ya mama yake kwamba simu zake hazijawahi kukataliwa popote.