Kamishna wa Mitaro Ajitafutia Mpinzani

Jumanne, 1 Oktoba

Hatimaye Marekani imenikumbuka. Mwanamke wa filamu amefika ofisini, Odessa Whitlock, kutoka New York. Yuko na mpiga picha mmoja mwenye ndevu, Fitch, asiyesema chochote. Wanazunguka nchi nzima kutengeneza filamu ya kweli kuhusu madaraka: nani anayo, anayatakia nini. Filamu yake iliyopita ilimhusu muuza magodoro wa matangazo ya televisheni aliyegombea ugavana. Ilipata tuzo. Sasa anataka vyeo vidogo ambavyo hakuna anayevijua. Kamishna wa Mitaro wa Kaunti ya Ostrander, Michigan, alimvutia sana.

Nilivaa tai. Nilimwonyesha ramani ya mitaro yote. Nilieleza kwamba bila mimi nusu ya kaunti ingekuwa ziwa. Fitch akarekodi. Raha tupu.

Kisha Odessa akauliza ninagombea na nani mwezi ujao. Nikamjibu kwa fahari kwamba sigombei na mtu. Kwenye karatasi ya kura, ukurasa wa pili, chini kabisa, kuna jina moja tu: Lyle Terpstra. Imekuwa hivyo tangu nianze kazi. Watu wananipenda.

Akamtazama Fitch. Fitch akafunga kamera.

Alisema kwa upole kabisa: “Kamishna, cheo kisichogombewa hakina filamu.” Wakaagana nami. Wanakwenda Indiana, kuna sherifu huko anagombana na binamu yake.

Jumatano, 2 Oktoba

Sikula kifungua kinywa. Corinne, mke wangu, aliuliza kama naumwa. Nilimwambia naumwa na historia. Akarudi kwenye kahawa yake.

Wazo likanijia nikiwa naendesha gari. Wanataka mpinzani? Nitawapa mpinzani. Muda wa kuchapishwa kwenye karatasi ya kura umepita, lakini sheria inaruhusu mtu ajiandikishe kama mgombea wa kuandikwa kwa mkono. Mpiga kura lazima aliandike jina lake mwenyewe, kwa kalamu, mahali palipoachwa wazi. Nani ana muda huo?

Kwa hiyo natafuta mtu mwenye jina lisiloandikika.

Nimempata. Dada yake Corinne, shemeji yangu Bernadette. Mjane, mwalimu wa bendi katika shule ya sekondari, hajui mtaro wala kalavati. Marehemu mumewe alikuwa wa ukoo wa Kipolandi, akamwachia nyumba, paka wawili na jina la Szczepaniak. Mimi mwenyewe nimekuwa nikimtumia kadi za Krismasi kwa miaka mingi na sijawahi kulipatia.

Wakati mwingine nafikiri nimepotea njia, ningekuwa Washington.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimekwenda kwa Bernadette na boksi la donati. Alikuwa anarekebisha klarineti. Nikaeleza mpango wote. Alicheka mpaka paka wakakimbia.

Alikataa mara ya kwanza. Ana gwaride la bendi la kufundisha, hana hamu na siasa. Nikamwambia hatakuwa na kazi yoyote: ajiandikishe, asimame mbele ya kamera, ashindwe, basi. Amerika yote itamwona. Akakataa tena. Nikala donati mbili nikitafuta la kusema. Nikamwambia demokrasia inamhitaji.

“Shemeji,” akasema, “unataka nigombee ili nishindwe?”

Nikamwambia ndiyo, kwa moyo safi.

“Na nikishinda?”

Hapo nilicheka mimi. Nilicheka sana, pengine kupita kiasi, kwa sababu alinitazama kwa muda, akaweka klarineti mezani, akasema haya, atajiandikisha Jumatatu.

Nimempigia simu Odessa. Nikapunguza sauti kama mtu mwenye jambo zito. Nikasema nimechomwa kisu mgongoni na ndugu wa mke wangu. Wanageuza gari.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mdahalo ulifanyika katika ukumbi wa zimamoto. Niliupanga mimi. Maswali ya Bernadette na majibu yangu niliyaandika mimi, kisha nikampa karatasi yake ili tusiaibishane. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, hasa kwa ajili ya supu ya dengu na kwa sababu ya kamera.

Swali la kwanza alilisoma vizuri. Nilijibu vizuri. La pili pia. Kisha akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Akauliza, kwa sauti ile ile anayotumia kumwuliza mtoto kama amefanya mazoezi: “Shemeji, mara ya mwisho kuingia kwenye mtaro wa Visser ilikuwa lini?”

Jibu hilo sikuwa nimeliandika. Nikazungumza kuhusu waasisi wa taifa. Nikagusa wakulima, wanajeshi, bendera. Nilipomaliza, bibi Hendrina Visser, ambaye shamba lake la karoti liko kando ya mtaro huo, akasema kutoka nyuma kwamba ilikuwa ni mwaka ule mbwa wake alipozaa. Mbwa huyo ameshakufa kwa uzee. Kicheko kilichukua muda kuisha.

Odessa alinishika bega akasema tukio hilo ni dhahabu. Nimefurahi. Mhusika mkuu lazima apitie mitihani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Odessa aliuliza mbona sina mabango. Mabango! Sikuwahi kuyahitaji. Nimechapisha mengi, ya plastiki, yenye uso wangu na maneno TERPSTRA: MAJI YANANIJUA. Nimeyachomeka mwenyewe kingoni mwa mitaro ya kaunti, maili baada ya maili, mahali ambapo hakuna mtu wa kuyang'oa. Corinne alisema ardhi ya mtaroni ni laini na wiki ijayo kuna mvua. Nikamwambia kila mtu abaki na fani yake. Yeye ni mtunza hesabu wa kiwanda cha achari.

Jumatano, 16 Oktoba

Siku ya aibu. Naandika ili niitoe kifuani.

Mvua ilianza jana asubuhi, haikukatika. Mchana bibi Visser akapiga simu: kalavati la kupitisha maji chini ya barabara limeziba, maji yanapanda shambani. Nilitaka kuwatuma wafanyakazi mara moja. Kisha nikafikiri. Odessa na Fitch walikuwa kwenye gwaride la bendi ya Bernadette mji wa jirani, wangerudi leo. Kamishna akiingia mtaroni kwa miguu yake mwenyewe, bila kamera, ni kama hakuingia. Nikamwambia bibi avumilie.

Leo saa nne tulikuwa hapo wote. Maji yalikuwa yameshaingia chumba cha chini cha nyumba yake, kwenye chupa za matunda aliyohifadhi kwa majira ya baridi. Nilivaa suruali yangu ya mpira inayofika kifuani. Nikaingia mtaroni nikizungumza na kamera kuhusu utumishi. Nikaingiza mkono ndani ya kalavati, nikavuta kilichoziba.

Kilikuwa ni uso wangu.

Nikavuta tena. Uso wangu tena. Mabango yote niliyoyachomeka upande yanakotoka maji yalikuwa yameng'oka na mvua, yakasafiri, yakakutana hapo. Nilivuta mabango, nikavuta mabango. Fitch, ambaye sijawahi kumsikia akisema neno, alisema “Mungu wangu” nyuma ya kamera. Nilitaka kutoka haraka. Miguu ikagoma. Tope lilikuwa limenimeza mpaka magotini na kila nikijitikisa linanivuta zaidi.

Bernadette alifika katikati ya hayo. Bibi Visser alikuwa amempigia yeye pia. Hakunicheka, hilo namsifia. Alifunga kamba kwenye gari lake, akanirushia ncha, akaniambia nijifunge kwapani na niache mikono itulie. Akavuta polepole. Nikatoka. Suruali ya mpira ikabaki. Nilifika ukingoni nikiwa na chupi ndefu ya sufu ambayo mama yangu alinipa, yenye vifungo nyuma.

Kisha Bernadette akavua koti, akashuka kwa bibi Visser kubeba chupa juu. Alikaa huko hadi jioni. Mimi nilikaa ndani ya gari, joto limewashwa, nikisubiri waje wanihoji. Hawakuja. Walikuwa chini wanampiga picha shemeji akikausha sakafu.

Nilijisikia vibaya kuhusu zile chupa. Kweli kabisa. Nilifikiri hata kushuka kusaidia, lakini sikuwa na suruali.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilijipa moyo: mtaro ni mtaro, jina ni jina. Hakuna mtu kaunti hii awezaye kuandika Szczepaniak.

Jana jioni tulikwenda uwanja wa shule kutazama mpira. Mapumziko yalipofika, wazazi kumi na mmoja wakasimama jukwaani, kila mmoja ameshika bango la herufi moja. Wakakosea mpangilio. Mtu wa Z alikaa penye C. Nilitabasamu. Nikamgusa Corinne nione naye kama anatabasamu.

Ndipo uwanja mzima ukaanza kuwasahihisha. Hawakupiga kelele ovyo. Waliimba. Herufi moja moja, kwa mapigo ya ngoma, S-Z-C-Z, wazee na vijana, muuza soda, kasisi, hata mwamuzi midomo inamchezacheza. Nilimwuliza jirani wamejifunza wapi haya. Akanishangaa. Akasema Bernadette humfundisha kila mwanafunzi wake kuliandika jina hilo kwa mdundo, somo la kwanza kabisa, kabla hajamruhusu kugusa ala. Amefundisha hapo maisha yake yote.

Kwa hiyo kila mtu katika kaunti hii aliyewahi kupuliza tarumbeta anaweza kuliandika jina hilo akiwa usingizini.

Corinne alikuwa anaimba.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeshindwa.

Jana tulikesha nyumbani wote, Bernadette naye, kwa kuwa ni familia. Corinne alitengeneza tambi za jibini. Kwenye televisheni walikuwa wanahesabu vyeo vya wakubwa. Sisi tulisubiri simu ya karani wa kaunti. Ilikuja asubuhi. Kura za kuandikwa walizisoma moja moja. Nyingi zilikuwa sahihi kabisa. Nyingine ziliandikwa “Mwalimu wa Bendi,” na moja, karani alisema, “Yule Dada wa Kamba.” Hata bila hizo amenipita.

Bernadette aliweka sahani yake mezani. Kisha akaniambia samahani. Akasema alikuwa amekusudia kujitoa baada ya mdahalo, lakini ile siku ya bibi Visser ilimbadilisha. Alisema hajui lolote kuhusu mitaro na anaogopa. Nilitaka kusema jambo la kikatili. Nilipomtazama nikaona macho yake mekundu, nikamwongezea tambi.

Alipoondoka nilimwuliza Corinne alipiga kura vipi. Alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka.

“Nilimwandika dada yangu,” akasema. “Herufi zote kumi na moja. Nilitaka kukuandika wewe, Lyle, lakini wewe ulikuwa umeshachapishwa, na mwaka mzima hujanisikia hata nikikuambia mvua inakuja.”

 Nikachukua kitambaa, nikakausha sahani. Tulimaliza vyombo pamoja. Alinipa bakuli la mwisho akauacha mkono wake juu ya wangu kidogo. Sijui nilistahili.

Odessa alipiga simu mchana. Filamu imepata kichwa chake, alisema: mwalimu wa bendi aliyekamata mitaro. Nikamwuliza mimi nimo kwa kiasi gani. Akasema nimo sana, hasa ile chupi.

Alhamisi, 21 Novemba

Mambo yananyooka. Nilijua yatanyooka.

Bernadette alikuja leo na mkate wa ndizi. Ataapishwa Januari na anahitaji naibu anayeijua mitaro. Ameniomba niwe mimi. Ilimradi, alisema, niingie mtaroni kila wiki, na nisimsubirishe tena mtu yeyote ambaye maji yameingia kwake. Nimekubali. Corinne alinibusu shavuni mbele yake. Tumekunywa kahawa, tumecheka, hata kuhusu mabango.

Sheria inataka nafasi itangazwe na watu wafanyiwe usaili mbele ya baraza la kaunti. Ni taratibu tu. Bernadette amesema hakuna mwingine aliyeomba na hatarajii mtu.

Hilo limenisumbua mchana kutwa. Odessa na Fitch wanarudi wiki ijayo kupiga picha za mwisho, na usaili huo watakuwepo. Mtu mmoja anaingia chumbani, anapewa kazi, anatoka. Hiyo ni filamu gani? Kurejea kwangu kutaonekana kama sadaka.

Kwa hiyo jioni nimekwenda kwa Roelof Bax, barabara ya pili kutoka kwetu. Mhandisi wa maji, amestaafu serikali ya jimbo, hapendi watu, anajibu maswali kwa neno moja. Hafai kabisa mbele ya baraza. Alikataa mara mbili. Nilimwambia demokrasia inamhitaji.

Barua yake ya maombi nimemwandikia mwenyewe, maana alisema hajui kujisifu. Imetoka nzuri mno. Nilipoisoma mara ya pili, nilitamani kumwajiri.