Kidole cha Aliye Mbali

Ijulikane kwa wote kwamba siku ile mjinga alikuwa Mkurugenzi wa Huduma za Mbali mwenyewe. Amelikiri hilo kwa ufasaha unaozidi hotuba zake zote, kwa kuwa safari hii alikosa wa kumtwisha lawama.

Mwanzo ulikuwa mtukufu. Bango lilipandishwa kwenye lango la chuo kikuu, lenye picha kubwa ya kompyuta ndogo na maandishi mekundu: CHUO SASA KINAKUFUATA ULIPO. Programu zilizokuwa zimefungiwa maabara ya ghorofa ya tatu, ambako wanafunzi waligombea viti kama kuku na punje, sasa zingefunguka kwenye kompyuta ya mtu akiwa kwake, na kandambili miguuni.

Ila Mkurugenzi ni mtu makini. Aliona tundu.

"Mtu tusiyemwona, tutajuaje kwamba yuko mbali?" aliiuliza kamati. "Huenda yupo hapa hapa, kajibanza."

Wajumbe waliguna. Hatari hiyo haikuwa imemjia yeyote. Wakakaa vikao kadhaa, vyenye posho, kuitafuta maana ya umbali, na mwishowe wakaafikiana kwamba aliye mbali ni yule anayeitwa na haitiki. Katibu muhtasi, aliyekuwa akimimina chai, alisema taratibu kwamba kwa kipimo hicho Mkurugenzi yuko mbali tangu aajiriwe. Akaombwa aendelee na chai.

Basi ukazaliwa utaratibu. Kila anayetaka kutumia programu akiwa nyumbani, sharti afike kwanza ofisini, aweke kidole kwenye mashine, ithibitike kwamba hayupo. Kisha arudi kwake mbio, maana huduma hufungwa saa kumi, na kidole cha leo hakitumiki kesho.

Foleni ikaota. Ilianzia mlangoni, ikateremka ngazi, ikatokeza uani. Mkurugenzi akiitazama dirishani moyo wake ulijaa fahari. Huduma isiyo na foleni, nani ataamini kwamba ipo?

Humo foleni alikuwamo mpwa wake, binti wa dada yake, mtoto mgongoni. Tasnifu yake ilitakiwa Ijumaa, la sivyo arudie mwaka. Alihitaji programu ya takwimu kwa siku moja tu ya utulivu. Lakini akishaweka kidole, akapanda basi la kwanza na la pili, akamnyonyesha mtoto na kumlaza, akifungua kompyuta hukuta saa kumi imemtangulia kufika.

Akamfuata ofisini.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Lakini hapa hakuna mjomba, kuna utaratibu."

"Basi shikamoo, Utaratibu. Kwetu ni mbali, unapajua, juzi tu ulikuja ukala. Nifungulie bila kidole, leo tu."

"Nikikufungulia wewe, watasema undugu."

"Na nikifeli, watasema nini?"

"Watasema utaratibu umefuatwa," alijibu, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani. "Subira huvuta heri, mwanangu."

"Na hiyo heri nayo iko kwenye foleni?"

Akamwonyesha mlango. Swali halikuwa limepitia kamati.

Ijumaa ikamkuta Mkurugenzi mji mwingine kabisa, ndani ya ukumbi wa hoteli, amevaa suti ambayo bado ilinuka duka. Wakuu wa vyuo walikuwa wamekusanyika kuiona huduma ikifanya kazi mbele ya macho yao. Ikifanya kazi, Makamu Mkuu wa Chuo, aliyekaa safu ya mbele, angesimama na kumtangaza kuwa naibu wake. Mke wa Mkurugenzi alishaanza kuitwa "mke wa naibu" sokoni.

Akabonyeza. Ukutani, kwa herufi zenye urefu wa mtoto, pakajitokeza: SAMAHANI. FIKA OFISINI UTHIBITISHE KWAMBA HUPO.

Ukumbi ulicheka, ukidhani ni kionjo. Makamu Mkuu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasoma tena.

"Huo ni usalama tu," alisema Mkurugenzi, akajiiba nyuma ya pazia na kupiga simu ofisini. Katibu muhtasi alikuwa kafuata chai. Simu ikapokewa na aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Haloo? Mjomba?"

"Mwanangu, afadhali wewe. Mwambie fundi wa mashine anifungulie, upesi."

Zikasikika sauti za kunong'onezana, na mtoto akilia.

"Fundi anasema hilo sharti halijui cheo. Akiliondoa kwako, linaondoka kwa wote. Anangoja neno lako tu. Aliondoe?"

Mkurugenzi alichungulia. Makamu Mkuu alikuwa anatazama saa. Akalifikiria bango, akaifikiria kamati na posho zake, akaifikiria ile foleni nzuri ikiyeyuka uani.

"Kwa wote? Haiwezekani, utaratibu utabaki na nini? Nifungulieni mimi peke yangu. Mimi niko mbali kweli, mwanangu, safari ya kutwa nzima, na wewe unajua."

"Najua, Mjomba. Nimekushikia nafasi hapa nyuma yangu. Njoo na kidole."